Dawa Bandia, Dawa Ghushi, Dawa Duni: Tunasema Nini Dukani?

Likizo iliyopita nilimkuta nyanya yangu amekaa barazani, goti la kulia limefungwa leso, na kando yake pana pakiti mbili za tembe za kutuliza maumivu. Pakiti ya kwanza ilikuwa tupu. Ya pili ilikuwa imenunuliwa asubuhi hiyo katika kemisti nyingine, kwa sababu ile aliyoizoea ilikuwa imefungwa. Zote mbili ziliandikwa diklofenaki, miligramu 50. Tembe za pakiti mpya zilikuwa za rangi tofauti na zenye gamba linaloteleza.

"Hizi ni bandia, mjukuu wangu," aliniambia. "Nimemeza moja, saa nzima imepita na goti linawaka vile vile. Nikaongeza ya pili."

Nilipomwuliza kama angeongeza ya tatu, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama angekunywa maji akiwa na kiu. Alikuwa na hakika kwamba dawa haikuwa dawa, na kitu kisichokuwa dawa hakina kipimo.

Makala haya yananuia kulichunguza neno hilo moja, *bandia*, jinsi linavyotumika mbele ya kaunta ya duka la dawa. Nitaonyesha kwamba neno hili limebebeshwa mizigo ya maneno manne au matano, na kwamba mchanganyiko huo si kosa la sarufi la kusahihishwa darasani tu. Uliwahi kuifikisha sheria ya nchi hii mbele ya Mahakama Kuu, na kila siku humfanya mgonjwa aidharau dawa nzuri na kuiamini mbaya. Mimi si mfamasia. Nimesoma nilichoweza kusoma, nikawauliza wanaojua, na pale ambapo jambo ni la lugha nimejiruhusu kutoa maoni yangu.

Neno lenyewe

Kwa wengi wetu, *bandia* lilianza kuwa neno la utotoni. Mtoto wa bandia ni mwanasesere, yaani kitu kilichopewa sura ya mtu bila ya kuwa mtu. Maua ya bandia, meno ya bandia na nywele za bandia ni vitu vinavyoiga umbo la vingine. Tuzingatie kwamba katika matumizi haya hakuna hila ya lazima. Mwenye meno ya bandia hamdanganyi mtu, nayo meno yenyewe hutafuna nyama sawasawa. Kiini cha neno ni mwigo wa sura.

*Ghushi* lina historia nyingine. Lilitoka katika Kiarabu, na tangu hapo lilihusu udanganyifu: kutia maji katika maziwa, kuchanganya fedha na madini hafifu. Leo twasema mtu ameghushi hundi, saini au cheti cha mtihani. Hapa hila ndiyo nguzo ya maana. Kitenzi *kughushi* hudai mtendaji mwenye nia mbaya, na ndiyo maana hatusemi mvua imeghushi mahindi hata kama imeyaozesha.

*Duni*, neno jingine lenye asili ya Kiarabu, ni cha chini, kilichopungukiwa na kiwango. Halimshtaki mtu yeyote. Kitu kinaweza kuwa duni kwa uzembe, kwa umaskini, kwa jua kali au kwa bahati mbaya.

Juu ya hayo kuna *feki*, ambalo vijana wamelitwaa kwa Kiingereza na kulipa ukaazi wa kudumu, pamoja na mwenzake *orijino*. Simama kwa nusu saa katika kemisti yoyote ya mjini utasikia mteja akisema, "Nipe ile orijino." Mara nyingi anachokitaka ni dawa yenye jina la kampuni analolijua kutokana na matangazo ya redio. Anapopewa nyingine yenye kiungo kile kile kwa robo ya bei, huondoka akinung'unika kwamba ameuziwa feki. Magazeti nayo huyapokezanisha *bandia* na *ghushi* ili kuepuka kurudia neno, mtindo tuliofundishwa katika insha na ambao hapa una madhara.

Wataalamu wa afya nao walikuwa na tatizo hili hili. Kwa miaka kadhaa Shirika la Afya Duniani lilitumia jina refu lililounganisha sifa tano kwa mikwaju: dawa duni, za uongo, zenye bandiko la uongo, zilizoghushiwa na za kuiga. Jina lilikuwa refu kwa sababu nchi wanachama hazikuweza kukubaliana. Mnamo Mei 2017, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliliacha jina hilo na kubaki na makundi makuu mawili, pamoja na la tatu la dawa ambazo hazijasajiliwa. Kundi la kwanza ni dawa *duni*: zilizoidhinishwa na serikali lakini zikashindwa kufikia kiwango cha ubora kilichowekwa. La pili ni dawa *ghushi*: zile ambazo kwa makusudi zimetoa habari za uongo kuhusu utambulisho wake, viungo vyake au chanzo chake. Neno la Kiingereza linalokaribiana na *bandia* yetu, lile la kuiga chapa ya mwenyewe, liliachwa nje ya makundi hayo na kurudishwa mahali pake, yaani katika sheria za haki za ubunifu na alama za biashara. Mwaka huo huo shirika hilo lilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, dawa 1 kati ya 10 ni duni au ghushi.

Ghushi: jina moja nje, kitu kingine ndani

Mfano ulio karibu nasi kwa lugha na kwa ardhi ulitokea Ituri, kaskazini mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, miongoni mwa watu wanaozungumza Kiswahili. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2014, wagonjwa walianza kufika vituoni shingo zimepinda, ulimi umetoka, misuli ya uso imekakamaa. Hofu ya kwanza ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Baadaye, vipimo vya mkojo na vya tembe zenyewe vilifichua jambo jingine. Makopo yaliyoandikwa diazepamu, dawa ya kutuliza, yalikuwa na tembe za haloperidoli, dawa kali ya maradhi ya akili ambayo ikizidi kipimo hukakamaza misuli namna hiyo hasa. Waliopatwa walikuwa wapatao 1,000, wengi wao wakiwa watoto. Tembe hizo hazikuwa hafifu hata kidogo. Zilikuwa na nguvu nyingi mno, ila si nguvu iliyotajwa kwenye kopo. Aliyefikiri kwamba dawa ya uongo ni chaki iliyokandamizwa, asiyemdhuru mtu, na aukumbuke mfano huu.

Kwa upande wa dawa za maumivu zinazohitaji agizo la daktari, mambo yamekuwa mabaya zaidi Marekani na kwa jirani yake Meksiko. Mwanamuziki Prince alifariki Aprili 2016 nyumbani kwake Minnesota. Miaka miwili baadaye, mwendesha mashtaka wa kaunti ya Carver alieleza kwamba ushahidi ulionyesha kuwa Prince alidhani anameza Vicodin, tembe ya maumivu inayotolewa kwa agizo la daktari, kumbe alimeza mwigo wake uliotiwa fentanili. Fentanili ni kituliza maumivu halali cha hospitalini, lakini miligramu 2 tu zaweza kumwua mtu asiyeizoea. Anayeichanganya kwa mkono katika chumba cha nyuma hawezi kuigawa sawa kati ya tembe moja na nyingine, na kwa hiyo tembe mbili za pakiti moja huwa na hatima tofauti. Na mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walitoa matokeo ya uchunguzi wao katika miji ya kaskazini mwa Meksiko inayopendwa na watalii: miongoni mwa tembe za kudhibitiwa walizouziwa katika maduka ya dawa yenye milango wazi na wahudumu waliovaa makoti meupe, baadhi zilikuwa na fentanili, heroini au methamfetamini. Yaani kaunta halali haikuwa dhamana.

Kuna visa vinavyokataa kukaa katika kundi moja. Parasetamoli haiyeyuki vizuri katika maji, kwa hiyo anayetengeneza dawa ya maji ya watoto huhitaji kiyeyushi kitamu kama glisirini. Ipo kemikali nyingine tamu na ya bei nafuu, daiethilini glaikoli, itumikayo viwandani, ambayo huharibu figo. Nchini Haiti, mwaka 1995 na 1996, zaidi ya watoto 80 walifariki baada ya kunywa parasetamoli ya maji iliyotengenezwa humo humo nchini. Glisirini iliyotumiwa ilikuwa imetoka mbali na kupita mikononi mwa wafanyabiashara kadhaa, nyaraka zikisema ni safi, lakini ilikuwa na sumu hiyo. Nigeria ilipata msiba kama huo mwaka 1990 kwa parasetamoli ya watoto, na tena mwishoni mwa 2008 hadi mapema 2009 kwa dawa ya maumivu ya kuota meno, ambapo watoto wasiopungua 84 walikufa. Je, dawa hizo zilikuwa duni au ghushi? Aliyebandika jina la glisirini juu ya pipa la sumu alighushi. Mwenye kiwanda aliyelipokea pipa bila kulipima alitengeneza dawa duni, na huenda hakuwa na nia ya kumwua mtu. Mahakamani tofauti hiyo ni kubwa. Kwa mzazi haina maana yoyote, nami sitamlaumu akitumia neno moja.

Duni: dawa imo lakini haitoki

Tofauti na ghushi, ambayo huvuma magazetini, dawa duni huja kimya kimya. Hapa ndipo malalamiko mengi kuhusu vituliza maumivu yanapoangukia, yale ya "pakiti ya mwezi jana ilinisaidia, ya mwezi huu hainisaidii."

Tembe ni zaidi ya kiungo chake. Parasetamoli ya miligramu 500 haikai peke yake. Huchanganywa na wanga, vigandishi na vilainisho, kisha hukandamizwa kwa mashine. Mashine ikikandamiza kupita kiasi, tembe huwa ngumu kama kokoto na huweza kupita tumboni kabla ya kuachilia mzigo wake wote. Ukiipima kiungo, kimo chote. Ukiitia katika chombo cha maji yenye joto la mwili na kuizungusha, haitoki. Kwa sababu hiyo vitabu vya viwango havitosheki na kuuliza kiasi kilichomo. Huuliza pia kasi ya kutoka. Kiwango cha Marekani, kwa mfano, hutaka sehemu kubwa ya parasetamoli iliyomo katika tembe ya kawaida, takriban asilimia 80, iwe imeyeyuka ndani ya dakika 30. Hata kiasi chenyewe huruhusiwa kucheza kidogo: kiwango hicho cha Marekani hukubali kati ya asilimia 90 na 110 ya kilichoandikwa, na kile cha Uingereza kati ya 95 na 105. Hivyo pakiti mbili zilizo halali kabisa zinaweza kutofautiana kidogo, ingawa si kwa kiasi ambacho goti la mtu lingeweza kukitambua.

Kisha kuna safari. Aspirini ndiyo mwalimu bora wa jambo hili kwa sababu hujishtaki yenyewe. Ikipata unyevu na joto huvunjika kuwa vitu viwili, na kimoja kati ya hivyo ni asidi ile ile iliyomo katika siki. Fungua kopo la aspirini lililokaa miezi kadhaa chini ya bati kando ya bahari au ziwa, unuse. Ukisikia harufu ya siki, dawa imekwisha kuanza kuharibika, hata kama tarehe ya mwisho bado iko mbali. Hakuna aliyeghushi. Mwenye duka hakujua, au alijua na hakuwa na feni. Wenye maduka madogo wataniwia radhi, lakini sanduku la tembe lililoanikwa dirishani ili lionekane na wapita njia ni tangazo zuri na ghala baya.

Jambo la tatu ndilo lililomhusu nyanya yangu, nami nililigundua tulipoenda pamoja kwa mfamasia siku iliyofuata. Mfamasia, mama mmoja mpole wa umri wa makamo, alizipokea pakiti zote mbili, akazigeuza na kusoma maandishi madogo. Ile ya zamani ilikuwa diklofenaki ya potasiamu, iliyotengenezwa iyeyuke upesi. Mpya ilikuwa diklofenaki ya sodiamu yenye gamba maalumu lisiloyeyuka katika asidi ya tumbo. Gamba hilo liliwekwa kwa makusudi, ili tembe ipite tumboni nzima na kufunguka katika utumbo. Baada ya chakula, safari hiyo huchukua saa kadhaa.

"Shikamoo mama," alikuwa amemsalimu nyanya alipoingia, kisha, baada ya kusoma, akamwuliza: "Ulikula kabla ya kumeza?"

"Marahaba. Nilikula ugali, ndiyo. Ninyi wenyewe husema tusimeze dawa tumbo likiwa tupu."

"Ni kweli. Basi hii ingekufikia mchana. Haikuwa bandia, mama. Ilikuwa ikija polepole."

Hivyo dawa aliyoiita bandia ilikuwa nzima, na ya pili aliyoiongeza ilikuwa nzima pia. Miligramu 100 zilikuwa zikimngoja njiani, na ya tatu ingemfikisha kwenye 150, ambacho ndicho kikomo cha siku nzima kwa mtu mzima, na yeye ana zaidi ya miaka 70. Dawa za jamii hii zikizidi huweza kutoboa tumbo na kuchosha figo, na kwa wazee hatari ni kubwa zaidi. Neno lake lilikuwa limemsogeza karibu na madhara kuliko tembe yenyewe.

Kosa hili lina sababu. Maumivu hayana kipimajoto. Anayetumia dawa ya shinikizo la damu hupimwa kwa mashine, na wa malaria hupimwa damu. Wa maumivu hana shahidi mwingine ila mwili wake, na mwili ni shahidi anayebadilika: leo goti limevimba zaidi, jana alilala vizuri, juzi alikuwa na wageni na akasahau. Kwa anayetumia mofini na dada zake kwa muda mrefu, mwili hujizoesha na kudai zaidi, hata kama dawa haijabadilika chembe. Matarajio nayo yana nguvu. Mtu aliyeambiwa kwamba tembe ni ya bei rahisi huweza kuhisi nafuu ndogo kuliko aliyeambiwa kwamba ni ghali. Kwa hiyo mgonjwa anaposema "hainisaidii", asemalo ni kweli kabisa kuhusu maumivu yake. Anapoongeza "kwa hiyo ni bandia", hapo ameruka hatua kadhaa.

Neno lilipofika mahakamani

Sasa nirudi kwenye ahadi yangu kuhusu sheria, kwa maana hapa ndipo suala la istilahi linapoacha kuwa la wanaisimu peke yao.

Mwaka 2008 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya kupambana na bidhaa za kuigwa, nayo ikaanza kutumika mwaka uliofuata. Nia yake ilikuwa njema. Betri, kalamu, viatu na vipuri vya kuiga vilikuwa vimejaa masoko. Lakini kifungu cha 2, kinachoeleza maana ya kosa lenyewe, kiliandikwa kwa upana wa ajabu. Kwa muhtasari, kutengeneza bidhaa inayofanana kabisa au kwa kiasi kikubwa na bidhaa iliyolindwa, bila idhini ya mwenye haki hiyo "nchini Kenya au kwingineko", kulihesabiwa kuwa kosa. Kilikuwapo pia kipengele cha pekee kuhusu dawa, kilichozungumzia kubandika jina la uongo kwa makusudi, yaani kughushi katika maana tuliyoieleza. Lakini ule ufafanuzi mpana ulibaki umesimama kando yake.

Hebu tufikiri maana yake. Dawa ya jeneriki ni dawa yenye kiungo kile kile, kipimo kile kile na utendaji uliothibitishwa kuwa sawa na wa dawa ya kwanza, ila hutengenezwa na kampuni nyingine. Kwa ufafanuzi wowote, hiyo ni bidhaa *inayofanana kwa kiasi kikubwa*. Kufanana ndiko kazi yake! Isingefanana isingeidhinishwa. Sheria ikisoma kufanana kuwa ni kosa, basi dawa nzuri kuliko zote za bei nafuu ndiyo yenye hatia kubwa kuliko zote. Na yale maneno mawili, "au kwingineko", yangeweza kuifanya hataza ya nchi ya mbali iwe pingu katika bandari ya Mombasa. Hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Mnamo Desemba 2008 maofisa wa forodha wa Uholanzi walizuia shehena ya dawa ya jeneriki ya shinikizo la damu iliyokuwa ikipita tu kutoka India kwenda Brazili, nchi ambamo ilikuwa halali.

Mwaka 2009 Wakenya watatu waliokuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI walikwenda Mahakama Kuu jijini Nairobi. Uhai wao ulitegemea dawa za jeneriki. Mnamo Aprili 2010 mahakama ilizuia kwa muda vifungu husika visitumike dhidi ya dawa hizo, na tarehe 20 Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi alitoa hukumu. Aliona kwamba ufafanuzi wa sheria hiyo ulikuwa mpana kiasi cha kuweza kuzijumuisha dawa za jeneriki, na kwamba kwa kufanya hivyo ulitishia haki za uhai, utu na afya zilizomo katika Katiba ya 2010. Haki za wamiliki wa ubunifu, alieleza, haziwezi kutangulia mbele ya haki ya kuishi. Serikali ikatakiwa kukitazama upya kifungu cha 2.

Kesi hiyo ilihusu dawa za kupunguza makali ya UKIMWI, lakini kwa hoja hiyo hiyo ingegusa karibu kila tembe ya maumivu inayouzwa katika kemisti ya mtaani, maana nyingi ni jeneriki. Sioni njia ya kuisoma bila kuona kwamba ubishi mzima ulizaliwa na neno moja lililoachwa litawale maana mbili: ile ya mwanasesere, inayoiga sura, na ile ya maziwa yaliyotiwa maji, inayodanganya kuhusu kiini. Wakili aliweza kuwalipia mahakamani waliotaka zitenganishwe. Mteja wa kemisti hana wakili.

Kwa hiyo napendekeza, kwa unyenyekevu mbele ya walimu wangu, kwamba katika maandishi yetu ya Kiswahili tulibakishe *bandia* kwa mwigo wa chapa na nembo, tuliache *ghushi* kwa dawa iliyofanyiwa hila kuhusu jina, kiungo au chanzo, na *duni* kwa dawa halali iliyoharibika au kutengenezwa vibaya. *Jeneriki* tulitumie bila haya, kwa kuwa watu wengi tayari wanalielewa, na tusiliweke kamwe katika sentensi moja na *bandia* kana kwamba ni ndugu. Najua kuna watakaosema kwamba matumizi ya watu ndiyo yaamuayo maana, wala si mwandishi wa makala. Nakubali. Lakini waandishi wa habari, wakalimani wa mahakamani na watangazaji wa redio wengi wamepita katika madarasa haya haya, na matumizi ya watu hutoka kwao kwa sehemu isiyo ndogo.

Fomu ya waridi

Bodi ya Famasia na Sumu, ambayo sheria imeipa kazi ya kusajili dawa na kusimamia maduka yake, ina fomu ya kuripoti dawa zinazoshukiwa kuwa na kasoro za ubora. Ile ya karatasi ni ya rangi ya waridi, na siku hizi taarifa hupokelewa pia kwa njia ya mtandao. Mfamasia wa nyanya alinionyesha moja. Huomba jina la dawa, jina la mtengenezaji, namba ya bechi, na tarehe za kutengenezwa na za mwisho. Ndiyo sababu ni kosa kukubali tembe kumi zilizokatwa na kutiwa katika bahasha ya khaki bila kuliona sanduku: pamoja na sanduku hupotea kila kitu ambacho mchunguzi angekihitaji. Nakala niliyoonyeshwa ilikuwa ya Kiingereza. Chini yake kuna orodha ya malalamiko ya kutiwa alama, na katika kusubiri niliitafsiri pembezoni mwa daftari langu: kubadilika rangi, kujitenga kwa dawa ya maji, kuvunjikavunjika kuwa unga, kushikamana madonge, kuota ukungu, kubadilika harufu, bandiko lisilo sahihi, pakiti pungufu.

Sikulazimika kufungua kamusi hata mara moja. Nilipomsomea nyanya orodha hiyo, aliichukua pakiti yake akaichunguza tembe kwa tembe, akiipeleka puani na kuirudisha, akitikisa kichwa kwa kila kipengele. Haikuwa na ukungu. Haikunuka. Bandiko lilikuwa sahihi, ingawa maandishi yake yalikuwa madogo mno kwa macho yake.

"Basi andika hilo," alisema. "Andika kwamba herufi ni ndogo."

Mfamasia alicheka, akachukua kalamu nene, na upande wa nyuma wa sanduku akaandika kwa herufi kubwa: POLEPOLE. MOJA, ASUBUHI NA JIONI. USIONGEZE.